Godwin kamrudishia shangazi kata

Ruth, usinipigie. Niko kwenye basi na Godwin yuko kiti cha nyuma yangu. Nina hasira.

Tulitoka Moshi na wenzetu kuzunguka vilabu vya mbege, ile pombe ya ndizi. Cha tatu kilikuwa cha shangazi yangu, kule Masama.

Shangazi kaonja kwanza mbele yetu, tuone haina sumu, ndipo akampa Godwin kata. Godwin kamrudishia. "Onja tena, sikuona vizuri."

Onja tena! Yaani kamwita mama wa watu mchawi, nyumbani kwake.

Shangazi kaimwaga yote chini, taratibu.

Na mwezi ujao ndiye analeta kwetu mbege ya kuniposa. Shangazi kaniambia mlangoni, "Mwambie ailete. Ataionja mwenyewe mpaka pipa liishe."