Ipinde Tu

Kitale, 6 Februari 1956

Kwa Baba mpendwa, Mzee Wepukhulu,

Salamu nyingi. Sisi tu wazima, ila mtoto ana mafua kidogo. Hofu ni kwenu huko Bungoma.

Baba, nimeota tena. Soko limejengwa shambani kwetu, taa zinawaka, na Mama anatoka zahanati kwa miguu yake. Niliamka nikilia. Hapa Kitale mahindi yetu hufika kwa magunia, lakini hospitali, korti na posta hubaki huku huku. Sisi twalima, mji wa wengine unashiba! Na giza likiingia, sisi Waafrika hatutembei humo bila cheti. Mama alifia njiani kwenda hospitali ya Kakamega kwa kukosa mji wa karibu. Wapimaji wa serikali wakija kutafuta mahali pa soko, wape ardhi.

Ni mimi binti yako, Lenah


Bungoma, 20 Machi

Kwa binti yangu Lenah,

Mimi mzima, ni goti tu linanisumbua. Mtoto amepona mafua?

Wapimaji walikuja, nami nikang'oa vigingi vyao. Vilifunga njia ya kutoka mtoni. Wajua mtahiriwa akishapakwa tope mtoni harudi nyumbani kwa njia aliyoendea, na Agosti ni zamu ya Mukhisa, mdogo wako. Nimzibie njia kwa ajili ya taa? Sasa wanasema soko litapelekwa Mabanga. Na liende.

Baba yako


Kitale, 2 Aprili

Baba, shikamoo. Mtoto amepona.

Njia inaweza kupinda. Mama harudi.

Lenah


Bungoma, 19 Agosti

Kwa Lenah wangu,

Hujambo, mama? Barua yako niliipata.

Niliwafuata wapimaji Mabanga kwa goti hili hili. Nikawaambia, chukueni shamba, ila barabara ipindie mtoni, ifuate njia ya watahiriwa. Mkubwa wao, Kibiwott, akacheka: "Mzee, si mji utakuwa umepinda, bana!" Nikamjibu, "Ipinde tu. Watu watazoea."

Jana Mukhisa alitoka mtoni, tope kichwani, akapita katikati ya vibanda vipya. Wanawake waliacha vikapu vyao wakamfuata wakiimba, na mahindi yakabaki bila mwenyewe. Msingi wa zahanati umechimbwa. Nilisimama pale nikamwita mama yako kwa jina lake, kwa sauti. Watu walinitazama, nami sikujali.

Wewe nawe usirudi kwa njia uliyoendea. Uliondoka kwa njia ya ng'ombe. Shukia stesheni, mwanangu, upite mjini kwenu.

Baba yako