Moyo wa Baba Nilioupima Mwenyewe

Söderköping, Uswidi
9 Novemba 2023

Mpendwa mdogo wangu Eskil,

Habari za huko Dunedin? Natumaini wewe, Marama na watoto hamjambo, na kifua cha Wiremu kimepona. Mimi mzima wa mwili. Huku theluji bado, ni mvua tu, na saa kumi haijafika taa zimeshawashwa.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ningelia, na Baba angesikia kutoka sebuleni. Amenikataza kukuambia. Leo namwasi.

Tangu Agosti Baba alikuwa akipanda ngazi za nyumbani anapumzika mara mbili. Madaktari walikuta vali moja ya moyo haifungi sawasawa, damu inarudi ilikotoka. Upasuaji huirekebisha, lakini kwanza walitaka kujua damu inarudi kiasi gani, na moyo wenyewe umebaki na nguvu gani. Hiyo ndiyo kazi yangu, unajua: kwa mashine ya MRI tunaipiga picha damu ikiwa mbioni ndani ya moyo, inaonekana kwa rangi, kila inakoelekea.

Sikutakiwa kumpima mzazi wangu. Lakini kipimo hicho tunakijua wawili tu, na mwenzangu Annika yuko likizo ya uzazi. Baba akasema, "Nipime wewe. Angalau mikono yako naijua."

Alipokuwa ndani ya mashine nilimwuliza kwa kipaza sauti anaendeleaje. "Treni za mizigo nilizoendesha zilikuwa na adabu kuliko hii!" Nikacheka.

Sasa sikiliza, Eskil. Kabla ya kuanza lazima uikadirie mashine kasi ya damu. Ukikadiria chini mno, rangi zinageuka, damu inayokwenda mbele inaonekana inarudi nyuma, na picha haifai. Mimi, baada ya miaka kumi na tatu ya kazi, niliweka kasi ya mtu mwenye nafuu. Nadhani niliweka nilichotamani. Ikabidi Baba alale tena dakika kumi na mbili, mikono imemfa ganzi, kwa sababu ya matumaini yangu.

Picha za pili zilitoka safi. Zaidi ya nusu ya damu ilikuwa inarudi kila moyo unapopiga, na misuli imechoka. Baadaye, kwenye kompyuta, nilichora kwa mkono mpaka wa moyo, picha baada ya picha. Nilijua nikiusogeza mstari kidogo tu, tarakimu zingependeza. Niliuacha ulipo. Hata ningeusogeza, moyo wake ungebaki ule ule.

Nilipomtoa alinikazia macho. "Umeona nini?"

"Majibu anatoa daktari, Baba."

"Acha hizo, Ragnhild. Nimekufuta makamasi mimi. Uso wako nausoma."

Niliinama nikamfunga viatu.

Jumatatu daktari wa upasuaji alituita. Moyo hautastahimili kisu, alisema, na hata njia ya kuirekebisha vali kwa kupitia mshipa wa paja haifai, moyo umeshapanuka mno. Zimebaki dawa. Nilimwuliza kama kuna haja ya kupima upya. Akanijibu kwa upole kwamba vipimo ni vizuri mno, havina shaka hata kidogo. Hakujua aliyevifanya.

Sijui nifanye nini, mdogo wangu. Alhamisi nampikia supu ya njegere, anakunywa vijiko vinne na kuisifu. Nampangia vidonge. Nakaa chumba cha pili nasikiliza anavyopumua, na uwezo wangu unaishia hapo. Kesho yake naenda kazini kupima mioyo ya wengine.

Daktari hakutaja muda. Lakini mimi nimeuona huo moyo. Usingoje Krismasi.

Sasa hivi Baba ameingia, ameegemea mlango, ananiuliza namwandikia nani. Nimemwambia namwandikia Shangazi Gunvor, huyu wa nyumba ya pili, sikuwa na jina jingine mdomoni. Ameitazama karatasi hii. Kisha amesema, "Basi mwambie Gunvor aje upesi. Na awalete watoto."

Gunvor hana watoto, Eskil.

Wasalimie Marama, Wiremu na Astrid mdogo. Mungu awalinde angani na nchi kavu mpaka mtufikie.

Dada yako akupendaye na anayekungoja,
Ragnhild