Nazi Katika Samaki wa Kibaski

Mjukuu wangu Neema,

Huku London goti langu limetulia, na mama yako anakusalimu.

Umeuliza kwa nini samaki wetu wa Krismasi, wa Kibaski, ana nazi. Ilikuwa Krismasi ya kwanza bila babu yako. Bibi Miren, mzaa mama yako, alikuja kutoka kwao kwa Wabaski, Hispania, kututazama kabla hajakubali binti yake aolewe kwetu. Nikampikia chakula cha kwao: samaki wa chumvi, vitunguu saumu, mafuta ya zeituni. Wao hutikisa sufuria mpaka mafuta yawe mazito. Nilitikisa, wapi! Wageni wakabisha hodi. Nikamimina tui, kama tupikavyo ng'onda, samaki wetu mkavu, kule Tanga.

Miren akaonja. "Anasema samaki huyu si wa kwao," mama yako akanitafsiria. Nikainama. Miren akanisogezea sahani.

"Anasema umwongeze, mama."

Nikakaa, nami nikala nikashiba, mara ya kwanza tangu msiba.

Bibi yako