Vikapu vya Nakuru Vimezidi Uzito, na Mwenye Kosa ni Mimi

Mpendwa mshauri,

Tumsifu Yesu Kristo. Wenzetu Waislamu, asalaam aleikum. Naomba msaada, na naomba usinicheke hewani.

Mimi ni mzee wa miaka hamsini na nane, nakaa Matogoro. Mke wangu Benigna alifariki mwaka juzi. Nimeishia darasa la nne. Barua hii naandika mwenyewe kwa sababu anayeniandikiaga ni binti yangu Aurelia, na habari yenyewe inamhusu yeye. Jina langu usilitaje.

Kazi yangu kibarua. Nabeba magunia ya mahindi ghalani na kuyashona midomo. Kushona gunia najua. Miaka thelathini.

Benigna alikuwa anasuka vikapu vya mianzi anauza sokoni. Na alikuwa na kawaida yake, kikapu hakitoki mikononi mwake kitupu. Ukinunua kikapu anakutilia kikombe cha maharage, kikombe kile cha chai, mpaka kinatoa kichwa. Nikimwambia we mwanamke utatumalizia maharage, ananijibu, "Kikapu kitupu ni mkosi kwa aliyenunua na aibu kwa aliyeuza." Sikushindana naye.

Sasa kazi ile ameirithi Aurelia. Yeye hauzi sokoni. Anapiga picha vikapu anaweka kwenye simu, watu wanaagiza. Akatokea mama mmoja wa Kenya, anaitwa Jane, yuko Nakuru. Huyo anakusanya oda za wenzake kumi, kumi na wawili, vinakwenda vyote kwenye gunia moja. Aurelia anapima vikapu nyumbani kwa mzani wa kuning'iniza, anamwambia Jane ni kilo kumi, nauli hii hapa, Jane anatuma hela ya vikapu na ya nauli. Kikapu ni elfu kumi na mbili, nauli elfu tano kila kilo. Aurelia akishapima anakwenda zake saluni anakofanya kazi, mimi nashona gunia, nafunga kwenye baiskeli, napeleka ofisi ya mizigo mjini.

Mshauri, mimi kabla ya kushona nilikuwa natia maharage. Kila kikapu kikombe kimoja. Kama mama yake. Aurelia sikumwambia kwa sababu angekataa, yeye ni mtu wa hesabu.

Pale ofisini anayepima mizigo ni kijana anaitwa Daimu, wa Nakapanya kule Tunduru. Huyu si mgeni kwetu. Alipokuja Songea mara ya kwanza alipanga chumba uani kwetu mwaka mzima, Benigna akimwita mwanangu, mwezi wa Ramadhani anamwekea uji wa futari, na sisi Wakatoliki. Safari ya kwanza akapima gunia, kilo kumi na nne kasoro kidogo. Akacheka. "Mzee, hivi ni vikapu au umebeba na mlima Matogoro?" Nikamwambia mianzi mibichi. Akaandika vikapu kumi na viwili, basi.

Nauli ikazidi. Aurelia akalipa iliyozidi mfukoni mwake. Akanung'unika lakini akalipa.

Safari ya pili hivyo hivyo. Tena Jane akalalamika, alituma sauti kwenye simu nikaisikia mwenyewe. "Aurelia, vikapu ni vizuri sana, lakini hii gharama ya kutuma itatumaliza. Huku mpakani nimelipishwa tena eti ukaguzi. Kikapu kikinifikia kimekuwa bei ya viwili, na wenzangu wanasema heri wanunue vya plastiki hapa sokoni." Akasema na gunia lilifika limeshonwa kwa uzi wa bluu. Mimi nashonea uzi mweupe. Hapo nilitakiwa nishtuke, sikushtuka. Mimi nilikuwa nasubiri aseme asante ya maharage. Hakusema. Nikasema moyoni, kumbe Wakenya hawajui kushukuru.

Safari ya tatu, nimeshashona gunia, Aurelia akarudi kutoka saluni akaja na mimi ofisini. Alipima vikapu mwenyewe asubuhi, kilo kumi, akaandika mkononi kwa kalamu. Mzani wa Daimu ukasema kumi na nne. Binti yangu akawaka. Watu wamejaa, wengine wanapokea mizigo, wengine wanatuma. "Daimu, mzani wako una mkono wako! Umekula kwa mama yangu, leo unanila mimi!" Daimu kwa upole akasema, "Dada Aurelia, tufungue gunia tuone." Mimi nikaruka. Nikasema, "Mkifungua atakayeshona ni nani, nyie?" Aurelia akadakia, "Baba ameshona magunia wewe hujazaliwa, leo umfundishe?" Mama mmoja pembeni akasema vijana wa siku hizi wezi tu. Bosi akatoka ndani. Gunia halikufunguliwa, likaenda hivyo hivyo. Daimu akaambiwa akae nyumbani mpaka mwisho wa mwezi wakague malalamiko, ikionekana kweli ndiyo basi tena.

Wiki iliyopita Daimu akanifuata ghalani. Shikamoo mzee, marahaba. Akanipa karatasi. Akasema imerudi na gari, dereva ni rafiki yake, jina lililoandikwa ni la Aurelia lakini yeye anaona ni ya kwangu. Nikaisoma neno moja moja. Imeandikwa maharage, kilo tatu na nusu, hayakutajwa, hayana kibali, yameondolewa. Kumbe safari zote yanatolewa mpakani, ndiyo maana ya ule uzi wa bluu, na Jane analipia kukaguliwa maharage ambayo hajayaona. Nikamuuliza, umemwonyesha bosi? Akasema, "Bado. Nikimwonyesha, mzigo wa Aurelia hawatapokea tena, ofisi haitaki mtu anayeficha vitu. Na kikombe kilichopima maharage hayo nakijua ni cha nani. Ongea naye wewe kwanza, mzee." Akaondoka. Hakunisema hata neno moja. Afadhali angenitukana.

Mpaka leo sijaongea. Nikisema, Aurelia ataumbuka, amemtukana mtu mbele za watu, na mzigo wake utakataliwa, na Jane atamwacha, na atasema nimemharibia kazi kwa jina la mama yake. Nisiposema Daimu anafukuzwa, na mke wake amejifungua juzi. Nimefikiria nimsaidie kimyakimya. Nimeshaongea na msimamizi wetu, amekubali Daimu aje abebe magunia na sisi. Hivyo si itakuwa imetosha? Na nijibu lingine, nilichofanya ni wizi au siyo wizi? Mimi sikuchukua kitu cha mtu. Nilitoa.

Ni mimi,
Mbeba magunia, Matogoro

*

Shikamoo mzee wangu. Nimeshakuamkia, sasa nikuseme.

Pole kwa kuondokewa na Mama Benigna. Naona kuukosa mkono wake kunakukosesha raha, na wewe umetafuta namna ya kuushika. Mtu anayelinda kawaida ya mwenzake aliyelala si mtu mbaya, na wasikilizaji wangu wasikucheke, anayecheka azime redio.

Umeuliza ni wizi au siyo wizi. Maharage siyo wizi. Maharage ni ya kwako, ungeyamwaga barabarani ni shauri lako. Lakini Daimu aliposema tufungue gunia tuone, ukamzuia, hapo ulichukua kitu cha mtu. Ulichukua jina lake. Ulisimama pale unamsikia binti yako anamwita mwizi, na sindano ya gunia iko mfukoni mwako, ukanyamaza. Usijifiche nyuma ya kikombe cha marehemu. Benigna hakukutuma useme mianzi mibichi.

Halafu unataka kumtoa kijana kwenye meza na kalamu umpeleke akabebe magunia, eti umemsaidia. Mzee, wewe mwenyewe mgongo wako unajua gunia lina uzito gani. Huo siyo msaada. Huko ni kumzika mtu kisha kumpelekea maua. Rudi kwa msimamizi wako leo mwambie ile nafasi haihitajiki.

Na lile la Jane hajui kushukuru, futa. Amelipa nauli, amelipa ukaguzi, amepoteza na wateja, kwa ajili ya kitu ambacho hakikuvuka mpaka. Ashukuru nini?

Nataka nikwambie neno kuhusu mkeo, na simjui, najua ulivyomwandika tu. Yeye maharage alimtilia mtu aliyesimama mbele yake. Alimwona sura, alijua huyu ana watoto, huyu anakaa jirani, kikombe kikatoka kwa mkono wake kikaingia kwenye kikapu mwenyewe anaona. Wewe umewatilia watu wa Nakuru usiowajua, ukawashonea ndani ya gunia kwa siri, ukaacha mtu wa mpakani apasue. Hiyo haikuwa kawaida yake tena. Sokoni kikombe cha nyongeza hakina nauli, kwenye gari kila punje inalipiwa. Wewe mpakiaji ulitakiwa ulijue hilo kuliko sisi wote. Miaka thelathini unalalamikia lumbesa za watu, magunia yaliyojazwa kupita kiasi, mgongoni mwako, umekwenda kushona lumbesa ya kwako.

Sasa fanya hivi. Aurelia akirudi kutoka saluni, kabla hajavua viatu, mpe ile karatasi mkononi. Usianze na mama yake. Anza na neno "mimi". Mimi nilitia maharage, mimi nilikataa gunia lisifunguliwe. Atalia, atakusema, mwache aseme. Usimjibu.

Kesho yake nendeni wote wawili ofisini, saa ile watu wamejaa. Umenisikia? Saa ya watu. Daimu alitukanwa mbele za watu, asafishwe mbele za watu. Bebeni vikapu kumi na viwili kama vile, vitupu, mzani wa nyumbani na mzani wa ofisi ilinganishwe bosi anaona. Wewe sema yako, na binti yako Aurelia aseme yake, kwamba alimtuhumu mtu bila kufungua mzigo. Wewe Aurelia, kama unasikiliza, mdomo ule ule uliotumia siku ile ndio utumie kuomba radhi. Na msisubiri mwisho wa mwezi, mtu hatazami kalenda ya kazi yake huku mke yuko uzazini.

Je, ofisi itakataa mzigo wenu? Huenda ikakataa kwa muda. Mtavumilia. Mtu akijisema mwenyewe na karatasi mkononi, bosi mwenye akili atamsikiliza kuliko yule aliyekamatwa. Waambieni kuanzia leo gunia litashonwa pale pale kaunta, Daimu akiangalia. Mzee, utakwenda na sindano yako na uzi wako mweupe.

Jane aambiwe ukweli na Aurelia, kwa sauti, siyo kwa maandishi. Na ile hela ya ukaguzi aliyolipishwa Jane mpakani, ipunguzwe kwenye oda inayofuata. Hiyo itoke kwako, mzee, siyo kwa binti, na nauli iliyozidi umrudishie Aurelia. Halafu suala lenyewe la nauli mlikalie chini, maana hata bila maharage ni kubwa. Elfu tano kwa kilo kwa kikapu cha elfu kumi na mbili, hamwezi kutuma kila mara kigunia kimoja. Mngojee oda zijae. Kaulizeni kama mzigo mkubwa una bei nyingine, na kama wanahesabu kilo peke yake au na nafasi inayochukuliwa ndani ya gari, maana kikapu ni chepesi lakini kimejaa hewa. Sukeni vya ukubwa tofauti, kidogo kiingie ndani ya kikubwa. Ulizeni na cheti cha kuonyesha vimetengenezwa hapa kwetu, kinaweza kuwapunguzia maneno kule mpakani. Na Aurelia amtajie Jane bei mpaka mlangoni kwake, siyo nusu leo, nusu mpakani. Mteja anakimbia bei ya kushtukizwa kuliko bei kubwa.

Chakula na mbegu havivuki mpaka kwa kufichwa, vina kibali chake, nendeni kwa watu wa kilimo. Siku Jane akitaka maharage ataagiza maharage.

Jina lako sikulitaja, na ya wenzako nimeyabadilisha. Lakini Songea ni ndogo, mzee, na vikapu vya mianzi vinavyokwenda Nakuru si vingi. Ndiyo maana juzi Jumanne nilikupigia kwa namba uliyoandika chini ya barua, nikakwambia nitaisoma Alhamisi saa kumi jioni. Ukaniitikia, "Nimekuelewa, mama," ukakata simu. Leo ni Alhamisi. Kama siku mbili hizi umezitumia vizuri, Aurelia anasikiliza haya akiwa anajua mwisho wake. Kama hukuzitumia, saluni wanafungua redio yetu.

La mwisho. Nadhani maharage bado yako nyumbani, na kile kikombe bado kipo. Chagua kikapu kizuri, kijaze mpaka kitoe kichwa, mpelekee mke wa Daimu aliyejifungua. Kutoka Matogoro mpaka kwake hakuna mzani wala mpaka, na ukifika utamwona sura.

Mshauri wako,
Subira