Kitanda cha Mninga

Kaka,

Shikamoo, ingawa leo imenitoka kwa shida. Mama kikohozi kimemwachia. Kitanda ulichotutumia cha harusi kimefika, na majirani hawaishi kukisifu.

Mimi nilikwangua ubao wa chini nikaunusa, kama ulivyonifundisha mwenyewe. Mninga. Kisha vidole vikagusa kipande cha msumari wa alumini, wa aina tunayopigilia kazini kwenye miti tunayorudi kuipima kila mwaka. Mti ule wa mninga nilimwonyesha kaka yangu, sikumwonyesha mpasua mbao.

Msituni kimebaki kisiki. Bosi aliuliza nani mwingine alijua mti ule ulipo. Nikasema hakuna, ni mimi tu.

Mume wangu anashangaa kwa nini nalala sakafuni. Njoo umweleze.

Mdogo wako,
aliyekuwa mpima miti