Majani ya Kufunikia Chungu

Liège, Ubelgiji
Mwezi wa kumi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Shikamoo tena, kwa sababu ile ya kwanza najua Devota ameisoma mbiombio. Devota mdogo wangu, soma polepole. Palipo na Kiswahili kigumu cha shuleni mgeuzie Mama kwa Kihangaza, na usiruke kitu hata kama ni wewe unayesemwa.

Hamjambo hapo Mbuba? Mguu wako unaendeleaje, bado unauma mvua zikikaribia? Maharage mmeshapanda? Mimi ni mzima, Mungu anasaidia. Baridi ilipoanza kifua kilinibana, sasa kimeachia. Shule naendelea nayo. Kifaransa kinaingia kidogo kidogo, ingawa wenzangu wakiongea wote kwa mpigo nabaki kutikisa kichwa tu na kucheka wanapocheka.

Barua ya Devota niliipata. Nilifurahi kusikia mbuzi amezaa mapacha, na nilicheka sana habari ya katekista kuanguka na baiskeli akiwa na kanzu ya ibada. Lakini mwishoni Devota akaandika, kwa utani wake ule, kwamba siku hizi anaamka na njaa kwa sababu kiporo changu hakipo tena. Kwamba umeacha kuniwekea chakula. Kwamba alipokuuliza ulimjibu, "Konsolata ameshafika kwa watu wake. Aliyefika kwao hawekewi."

Mama, nilikuwa nasoma huku napanda ngazi. Nilikaa palepale kwenye ngazi. Jirani mmoja mzee akanipita kwa adabu na mkate wake kwapani, akadhani labda nimeteguka mguu.

Nilikuwa sijui kama bado unaniwekea. Ndiyo nimejua siku hiyohiyo niliyojua kwamba umeacha.

Wewe hili unalijua kuliko mimi, lakini acha niliseme, maana huku hakuna wa kumwambia. Nyumbani kwetu kabla hujampakulia mtu yeyote, unatoa kwanza sahani ya aliye safarini. Unaifunika, unaiweka juu ya uchaga. Akifika usiku, anakula. Asipofika, asubuhi ni kiporo cha anayewahi kuamka, na Devota tangu azaliwe hajawahi kudamka kwa ajili ya kitu kingine chochote.

Unakumbuka chakula cha kwanza nilichokula kwako? Ulikuwa umeleta ndizi kuuza pale Benaco, kwenye kambi yetu ya wakimbizi. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mkungu wako wa mwisho kwa sababu sikuwa na pengine pa kukaa. Maneno yako niliyaelewa, lugha zetu ni ndugu. Uliniuliza, "Wewe mtoto uko na nani?" Nikakujibu, "Niko na wewe." Ukacheka, kisha ukaacha kucheka. Mkungu ule hukuuuza. Ulinitwika mimi ndizi chache, wewe ukabeba zilizobaki, tukapanda njia ya kurudi Mbuba.

Tulikuta watu wa nyumbani wameshakula na chungu kimeoshwa. Ukanyoosha mkono uchagani ukashusha sahani ya Baba, ambaye alikuwa amekwenda Nyantakara kutafuta mbuzi. Ndizi na maharage, vimepoa, vinanukia jani la mgomba. Nilikula mpaka nikalamba sahani. Kesho yake Baba akarudi, akauliza sahani yake iko wapi, ukaninyooshea kidole nilipojificha nyuma ya mlango. Baba, Mungu amrehemu, akasema, "Basi msafiri alifika." Akaomba maji ya kunywa, yakaisha hapo.

Hata wakati ule wenzangu wa kambini waliporudishwa Rwanda, ulisimama mlangoni ukawaambia waliokuja kuuliza kwamba humu hakuna mkimbizi, kuna watoto wako tu. Nilikuwa ndani, nilikusikia. Sasa eti nimefika kwetu. Mama jamani!

Basi nikaamua kupika.

Huku sasa ni majira ya miti kupukutisha majani. Mwaka jana nilipoyaona mara ya kwanza niliogopa, nilidhani miti imeugua kama migomba yetu ilivyougua. Kumbe ndivyo ilivyo kila mwaka. Inakuwa ya njano, mingine myekundu kabisa, halafu majani yote chini. Mtaa mzima unakanyaga majani, na jua linazama mapema. Ndio wakati ambao nakumbuka jiko lako zaidi, na moshi wake unaotoa machozi.

Jumamosi mama mdogo Esperansi alipokwenda kazini, kule anakohudumia wazee, nilikwenda kwenye duka la Mkongo mmoja nikapata ndizi mbichi. Zilikuwa zimechoka na safari lakini ni ndizi. Maharage nilikuwa nimeloweka tangu jana yake. Chungu hakuna, nikatumia sufuria kubwa. Kila kitu kikaenda vizuri mpaka pale pa kufunika. Nitafunika na nini? Mfuniko upo, lakini ndizi za kufunikwa na bati si ndizi, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha hivyo.

Nikachungulia dirishani. Majani! Mapana kama kiganja cha Baba, yamejaa njia nzima, bure! Nikashuka na beseni. Niliyachagua yasiyo na madoa, nikayaosha, nikayababua kwenye moto kama unavyofanya, nikayapanga juu ya ndizi vizuri sana, moja juu ya jingine. Nilijisifu kabisa. Nikachukua kamera ya mama mdogo nikapiga picha sufuria ilivyopambwa, maana ilipendeza. Ndiyo hiyo picha ya kwanza humu kwenye bahasha. Devota, usicheke bado.

Baada ya muda nyumba ikaanza kunuka. Sijui niseme inanuka nini. Mama mdogo akaingia na koti lake, akasimama mlangoni, akauliza, "Konsolata, unachemsha dawa ya ng'ombe?"

Sasa Mama, lazima ujue jinsi tulivyokuwa tunaishi. Mama mdogo ni mtu mwema. Ni yeye aliyelitangaza jina langu redioni mpaka nikapatikana, na ni yeye anayenivisha na kunisomesha. Lakini kila nikisema "Mama alikuwa anafanya hivi," yeye ananisahihisha taratibu, "Mama yako alikuwa dada yangu." Ni kweli, na mimi nanyamaza. Namlilia mama aliyenizaa, sura yake inanitoka kidogo kidogo na naogopa. Lakini nikinyamaza kuhusu wewe nabaki sina cha kusema kabisa. Kwa hiyo tulikuwa watu wawili wenye adabu, asante, karibu, usiku mwema.

Alifunua sufuria akatoa jani moja, limelegea linachuruzika maji ya kahawia. Akaniangalia. Akaangalia dirishani kwenye mti. Akaelewa. Alicheka, Mama! Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni na koti lake. Sijawahi kumwona akicheka hivyo. Nami nikacheka nikalia, vyote kwa pamoja.

"Nani alikufundisha kufunika na majani?" akaniuliza akijifuta macho.

"Mama," nikasema, nikasubiri kusahihishwa.

Hakunisahihisha. Alisema, "Hata kwetu tulifunika hivyo. Ila sisi tulitumia ya mgomba, mtoto wa watu!"

Tukatoa majani yote. Ndizi za juu zilikuwa chungu, hazifai, tukazitupa. Za katikati zilivumilika. Za chini, zilizolalia maharage, Mama, zilikuwa zako kabisa. Nilichukua sahani nikapakua, nikaifunika na sahani nyingine, nikaiweka juu ya kabati. Sikufikiri, mkono ulikwenda wenyewe.

Mama mdogo akauliza, "Hiyo ya nani?"

"Ya Mama wa Mbuba. Tunamwekea aliye safarini."

Akatafuna kwanza, akameza. Kisha akasema, "Lakini yeye yuko nyumbani kwake. Aliye safarini ni wewe."

Alisema kawaida tu, kama mtu anayekukumbusha kufunga mlango. Halafu akachukua kamera akasema, "Simama hapo karibu na hiyo sahani, tumpelekee aione." Ndiyo picha ya pili. Lile doa jeusi pembeni ni kidole chake. Yeye nilitaka nimpige akiwa anakula, akakataa katakata, mtu mzima hapigwi picha akitafuna. Unawajua watu wetu. Tulisubiri mkanda uishe ndipo tukapeleka picha kusafishwa, ndiyo maana barua imechelewa. Anakusalimia sana, na anakushukuru. Ameniambia niandike hivyo, kisha akasoma kuhakikisha nimeandika.

Nisalimie Bibi, mwambie blanketi lake najifunika miguuni kila siku. Nisalimie kaka Silvesta na mkewe, na mama jirani aliyetuazima ungo ambao nadhani hatujaurudisha mpaka leo. Mpeni pole katekista, msimcheke sana. Baba mpelekeeni maua kaburini kwa niaba yangu.

Na wewe Mama, picha ya pili iangalie vizuri. Hiyo niliyosimama kando yake ni sahani yako, na asubuhi yake niliila mimi, kwa sababu hukufika. Sikukasirika. Jioni hii nimekuwekea nyingine.

Sijafika, Mama. Hata mama mdogo amesema mwenyewe. Ukipakua leo, niwekee, hata kijiko kimoja, juu ya uchaga palepale. Asubuhi Devota ale.

Mimi mwanao niliye njiani,
Konsolata