Kwa Nini Nilichagua Mafia

Mutua rafiki yangu,

Ahadi niliyomwekea mkeo siku uliyofariki nimeivunja leo mchana, kwa simu, yeye mwenyewe akiwa jikoni kwangu akinichujia uji. Nataka ulisikie hili kutoka kwangu kabla hatujakutana. Daktari ameacha kunidanganya, nami nimeacha kumuuliza.

Studio yako kule mjini sasa inauza vifuniko vya simu. Mahali ulipowaketisha watu kwa picha za pasipoti pana kabati la kioo. Mkeo Ndinda bado yuko hapa mtaani Mountain View, nyumba ile ile, na kila siku anavuka uwanja kuja kuniangalia kana kwamba nilizaliwa kwao. Na binti yako Mwende amechukua kamera yako ya majini, pamoja na kasha lake na zile taa mbili.

Baada ya Krismasi alikuja akatandika ramani juu ya kitanda changu. "Anko, nataka kupiga picha chini ya maji kama Dadi. Wewe ndiye mwalimu wa jiografia. Niende wapi?"

Nilicheka hadi nikakohoa. Unakumbuka nilivyokupeleka Watamu mwezi wa Agosti kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa? Bahari imechafuka, mawimbi yanatutupa, na chini huko hatukuona hata mikono yetu. Picha zote zilitoka kama supu ya ndengu. Ulizitundika studio, ukawa unawaambia wateja, "Hizi kazichagua Mwalimu. Bahari haijui likizo ya shule."

Basi safari hii nilikuwa makini. Mwende alikuwa amefanya utafiti wake. Diani na Watamu ni karibu, na pana vile viumbe vidogo vya rangi unavyoweza kuvipiga picha kwa utulivu. Pemba kuna kuta za matumbawe zinazoshuka hadi gizani, lakini mikondo yake ina nguvu. Mafia kuna papa potwe, ila maji anayoyapenda samaki yule yamejaa chembechembe, na taa ikiwaka zote zinang'aa kama vumbi. Yeye alitaka Diani. Mimi nikasema Mafia. Akauliza kwa nini. Nikamwambia, papa potwe, mwanangu, mkubwa kama basi, utampata wapi kwingine?

Nilimdanganya, Mutua. Sikuchagua samaki. Nilichagua njia ya kurudi.

Kutoka Diani mtu anaweza kuzama asubuhi na jioni akawa Nairobi. Kutoka Mafia, ndege ni za kubahatisha, na bahari imekuzunguka. Nilitaka akitoka majini akose pa kwenda. Alale huko huko chini, usawa wa bahari, hadi damu yake itulie.

Wewe ulijua sheria: ukitoka kuzama, usipande ndege hadi kesho yake, kwa sababu hewa uliyoivuta kule chini bado imo mwilini, na ukipanda juu kabla haijatoka inafanya mapovu kwenye damu. Uliitii. Uliacha ndege, ukapanda treni ya kutoka pwani, ukajiona mjanja. Hakuna aliyekuambia kwamba treni nayo hupanda. Inapanda polepole, mtu anakunywa chai, anasinzia, na kumbe anapanda mlima. Sisi wa Nairobi tumesahau tuko juu kiasi gani. Nani hujiona yuko mlimani akiwa kwenye foleni ya Waiyaki Way? Uliposhuka stesheni miguu ilikuwa imekufa ganzi, na asubuhi hukuiona.

Daktari alituambia mimi na Ndinda kwenye korido. Ndinda akanishika mkono akanifinya hadi kucha zikaingia. "Mwalimu, Mwende asijue. Mimi ndiye niliyemwambia arudi leo." Ilikuwa siku yenu ya ndoa. Alikuwa amepika. Nikaahidi. Tukawaambia watu moyo, na watu wakakubali, maana moyo hauulizwi maswali.

Sasa sikia ya leo. Yule kijana anayemchumbia Mwende, watu wao walipaswa kuleta mbuzi watatu wa ntheo, wale wa kumposa, wiki ijayo. Mzee wao akapata safari, wakasogeza, iwe kesho. Kaka yako wa Kitisuru, unamjua na roho yake kubwa, hakutaka wageni wakose binti. Ana rafiki mwenye ndege ndogo. Akaituma Mafia.

Mimi sikuwa na habari. Saa sita ukaingia ujumbe wa Mwende: "Anko, papa potwe wako hakuja! Lakini nimezama mara mbili, chini kabisa, nikapata samaki chewa mkubwa mlangoni pa pango lake, kidevu juu kama anangoja picha ya pasipoti. Ndege ya Anko wa Kitisuru iko hapa saa nane. Jioni nakuletea uione."

Nikapiga simu. Haikushikwa. Nikapiga tena. Vidole vyangu siku hizi havinitii, nikampigia fundi wa mifereji, nikamkatia. Niliiangalia saa ya ukutani nikasikia harufu ya ile korido. Nikampigia kaka yako nikamwomba airudishe ndege. Akacheka. "Mwalimu, wacha uoga wa uzee. Rubani ataruka chini chini." Nikamuuliza, na Nairobi je, ataishusha nayo? Akasema nipumzike.

Mara ya mwisho Mwende akashika. Nyuma yake nilisikia mtu akisema mizigo ipakiwe. Nikamwambia usipande. Akasema, "Anko, wageni ni kesho, nitawaambia nini?" Nikajaribu upepo, nikajaribu ubovu wa ndege ndogo. Yeye anacheka, ananibembeleza kama mtoto. Ndipo nikasema yote. Treni. Miguu. Daktari.

Kisha sauti ndogo sana: "Kwani Dadi hakufa na moyo?"

Nilipoinua macho Ndinda alikuwa mlangoni, chujio mkononi, uji unadondoka sakafuni. Sijui alikuwa amesimama tangu lini. Nilidhani atanilaani, na ningekubali. Akaja, akaichukua simu kutoka sikioni mwangu.

"Mwende, ni mama. Lala huko. Hata kesho usipande, hadi wakwambie ni salama. Mbuzi wanajua kungoja." Akasikiliza. "Ndiyo. Ni mimi niliyemwita. Ukija tutaongea."

Akanirudishia simu, akapiga magoti akapangusa sakafu, kisha akaketi kando ya kitanda. Hakulia. Alisema tu, "Uji umepoa." Akaenda kuupasha.

Kaka yako amenipigia akaniita mharibifu wa sherehe. Ndege inarudi tupu. Binti yako yuko ufukweni, mzima, na amekasirika nasi sote. Nimefurahi kwa hasira hiyo.

Lakini Ndinda bado yuko jikoni na uji haupashwi kwa muda wote huu. Nami nina kitu ambacho sikuwahi kumwonyesha, kwa sababu angeniuliza kwa nini mimi, mwalimu wa jiografia, sikukuambia treni hupanda. Jioni ile, ukiwa ndani ya treni, uliniandikia: "Mwalimu, ningebaki hadi kesho, lakini nimemkumbuka huyu mwanamke. Nakuja tu." Hukutaja kuitwa. Simu yangu ile ya zamani iko ndani ya droo, na chaja yake ipo.

Nakuahidi nitamsomea leo, kabla sijaunywa huo uji. Na nitajikaza hadi Mwende arudi nimwone huyo chewa wako. Kisha nitakuja. Niwekee kiti, na usiniambie niinue kidevu.

Mwalimu wako